Mmwago wa Pamoja

"Mimi ndiye ninayeharibu kisima? Na wewe unayesuuzia masufuria ya magadi palepale?"

"Magadi yangu yanatoa sabuni, baba. Maji yako ya betri yanatoa nini? Shuka zangu zimegeuka chandarua!"

Afisa wa Usawa wa Maji alisimama katikati ya Fundi Betri na Mama Sabuni, akakohoa kikohozi cha serikali.

"Ndugu wananchi! Idara inatangaza kwamba kuanzia sasa maji ya mtaa huu ni saba."

"Saba nini?" Mama Sabuni aliuliza.

"Saba tu."

Akawaeleza kwa upole: chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali, saba yenyewe haina ugomvi na mtu. Asichowaeleza ni kwamba Mkurugenzi alikuwa njiani kuja kuzindua Mradi wa Maji Saba, na karatasi ya kupimia ikitoka kijani, yeye Afisa angethibitishwa kazini. Alikuwa amekaimu cheo hicho muda mrefu hata mkewe alimwita Kaimu.

Akachovya karatasi. Ikawa nyekundu.

"Si nilisema!" Mama Sabuni akapiga kigelegele.

"Subiri amalize kuosha vyombo vyake," Fundi akanuna.

Mama alipomaliza, Afisa akachovya tena. Buluu. Hapo akili ikamfunguka. Chuoni, mwaka wa kwanza, alifundishwa kwamba asidi ikikutana na alkali zinamalizana, unapata maji na kitu kingine. Hicho kitu kingine mhadhiri alikitaja wakati yeye ameshafunga begi.

"Nimeligundua tatizo," alitangaza. "Tatizo si kumwaga. Tatizo ni kumwaga bila uratibu. Kuanzia leo mtamwaga pamoja mpaka karatasi iwe kijani."

"Si ungetuambia tu tuache?" aliuliza Fundi, ambaye wazo hilo halikuwahi kumjia kabla ya hapo.

"Kuacha si mradi, ndugu yangu."

Basi mahasimu wakawa washirika. "Ongeza kidogo, jirani." "Basi, basi! Ukizidisha karatasi inageuka buluu hiyo." Wakaanza hata kutaniana. Wapangaji walikuja kulalamika kwamba maji yana chumvi na matumbo yanawaendesha. Afisa aliwasikiliza kwa makini, kisha akawafahamisha kuwa tumbo liko chini ya wizara nyingine.

Siku ya uzinduzi karatasi ilitoka kijani kibichi, watu wa ofisini wakapiga makofi, na Mkurugenzi akanywa glasi nzima. Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Mkurugenzi akanywa ya pili.

"Mbona yana chumvi?" alinong'ona.

Ndipo Afisa akakumbuka kitu kingine ni nini.

"Chumvi haimo kwenye kipimo, Mheshimiwa. Kipimo ni saba."

Kama angekaa mpaka mwisho wa kipindi, angejua pia kwamba asidi ya betri ikikutana na magadi ya sabuni huzaa chumvi ileile wanayopewa waliofunga choo. Mkurugenzi hakuhitaji kipindi. Alikatiza hotuba yake katikati ya neno "endelevu", akamwinamia Mama Sabuni sikioni.

"Mama, choo kiko wapi?"

"Kipo, baba. Ufunguo ninao mimi." Hakuutoa mfukoni. "Ila hapa kwetu tunamwaga kwa uratibu."

"Mama, nakuomba!"

"Na sisi tunaomba kisima chetu. Fundi apewe pa kumwagia, mimi pia, na mtuletee maji mpaka chetu kisafike."

"Nimekubali! Mbele ya wote! Fungua!"

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Baada ya kimya ambacho hakikuwa kimya hasa, sauti ya mamlaka ikatoka ndani: "Hakuna mtu kumwaga tena!"

"Lakini Mheshimiwa," Afisa aliuambia mlango, "kuacha si mradi."

"Sasa ni mradi! Na kisima utakikausha wewe mwenyewe, kwa ndoo, Kaimu!"

Afisa alilisikia neno la mwisho kuliko yote. Fundi Betri, kwa huruma, akamwazima ndoo.

Mkurugenzi alipotoka, tai imewekwa begani, Mama Sabuni alikuwa mlangoni kwake ameshika taulo, uso umejaa ukarimu.

"Pole, baba. Karibu ndani ule, chakula kiko tayari."

"Asante, mama. Mmepikia maji gani?"

"Ya kwenu hayo hayo, baba. Saba kamili. Karibu, karibu, usione haya."