Seli Zangu Zote Zimeliwa Kamachumu

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia nyumbani kwetu Kamachumu, mbele ya ukoo na majirani, nimevaa joho na kofia ya mahafali. (Joho lilikuwa wazo la Bibi. Ungembishia wewe?) Sasa niko Bukoba mjini, Miembeni, kwenye duka la intaneti, nawaandikia ninyi rafiki zangu kabla mjomba hajawasimulia kwa chumvi yake.

Bibi yangu mnamjua. Vita vilimchukua mumewe, halafu ule ugonjwa wa Ukimwi ukachukua wanawe, wazazi wangu wakiwemo. Nikabaki mimi, akanisomesha mpaka Ulaya. Sasa kumbe huku nyuma ametangaza: "Koku ameipata dawa!"

Dawa, jamani! Mimi nachukua seli za kiinitete, panya ambaye hata hajawa panya. Seli hizo bado hazijachagua kuwa damu, ngozi au moyo. Nazikuza ziwe damu, nazitia kirusi, naangalia kinaingilia mlango gani. Na kirusi chenyewe ni cha panya!

Nimefika baada ya misa, ua umefurika. Mjomba Rwega ameacha biashara yake ya samaki kisiwani Goziba, amevuka ziwa kuja kunisikiliza. Jirani yetu Adela, aliyekonda mpaka gauni linampwaya, ameketishwa mbele kabisa.

Nikajiambia, msomi ni kueleza. Nikaomba kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa, nikaimwaga kikapuni. "Hizi ndizo seli." Nikachomeka punje ya hindi katikati. "Hiki ndicho kirusi. Zungusheni kikapu, kila mtu aangalie vizuri."

(Mhaya mzima! Tangu lini kikapu cha kahawa kikapita mbele ya mgeni, kikaangaliwa?)

Nikaendelea na milango ya seli. Nilieleza kwa ufasaha, nawaambia! Watu wametulia, wanaitikia kwa vichwa kwa heshima, hakuna hata anayekohoa. Kumbe midomo imejaa. Kikapu kiliponirudia kilikuwa na punje ya hindi tu.

"Seli ziko wapi?"

"Kasinge waitu," mjomba akashukuru, bado anatafuna. "Zimekaushwa vizuri."

"Mjomba, mmekula utafiti wangu!"

"Kirusi si tumekuachia? Kiko peke yake. Kitaishi wapi sasa?"

Swali hilo profesa wangu angelipenda. Nami kwa kiherehere nikapaza sauti: "Hapo hapo! Kirusi bila seli hakifanyi kitu!"

Weee! Bibi akapiga vigelegele. "Mmesikia? Kimeshindwa!" Makofi, nderemo, mjomba akaninyanyua begani na joho langu. Na Adela akanyoosha mikono yote miwili kwangu. Alikuwa anapokea dawa.

Ikabidi niseme. Nikasema nikiwa huko huko begani, kofia imeniziba jicho moja: "Dawa bado."

Adela akashusha mikono. Nilitamani ardhi ipasuke, ila hata kuifikia ilikuwa shida.

Bibi akasimama. "Amesema bado," akawaambia. "Miaka yote hii tulikuwa tunaambiwa hakuna. Leo mtoto niliyemlea mwenyewe ndiye anayeniambia bado. Nani mwingine hapa ana mtoto wa kumwambia bado?"

Adela akainua macho, akaniona nilivyoning'inia kule juu na kofia yangu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na ua mzima ukamfuata. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka.

Wakati naondoka, Bibi akaifunga ile punje ya hindi kwenye kitambaa, akanitia mkononi. "Rudi nayo ukaimalize," akasema. Ninayo hapa mezani. Aibu ninayo, na fahari ninayo.

Kwa hiyo msinicheke, Adela ameshawawakilisha. Na siku mkienda kuwafundisha Wahaya, tumieni kokoto.