Neno Moja katika Fomu ya Daraja

Chai ndiyo iliyojua kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mkutano na sinia mikononi, vikombe sita vikaanza kugongana vyenyewe, taratibu, kama meno ya mtu mwenye baridi. Niliutazama mkono wangu. Haukuwa ukitetemeka. Nilipoinua macho dirishani, niliona meli ya mizigo imeegemea nguzo ya tatu ya daraja, kama mlevi aliyeegemea ukuta wa jirani.

Dakika kumi baadaye Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza:

"Ndugu wajumbe, kuanzia saa hii taifa limeingia rasmi katika hali ya kufuatiliwa."

Wajumbe wakapiga makofi. Nami ningepiga, ila nilikuwa na sinia.

Inafaa nieleze, maana wapo watu wanaodhani ofisi yetu huokoa watu. Kuokoa ni kazi ya mikono, na inafanywa na waokoaji, wale wenye boti kule gatini. Yetu ni Ofisi ya Ufuatiliaji wa Mwitikio wa Dharura. Sisi hupima nani alifika, saa ngapi, na kama alifika kwa mujibu wa mpango. Ili vipimo visichakachuliwe, mwaka jana namba ya simu ya dharura iliondolewa kwa waokoaji ikaletwa kwetu. Tangu hapo simu hupokelewa mlio wa kwanza, jambo ambalo waokoaji hawakuwahi kulimudu. Wao hupata taarifa kila Ijumaa, kwa barua.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Simu nyekundu ikalia. Mratibu akaipokea na kubonyeza kitufe cha spika ili wote wasikie.

"Ufuatiliaji hapa. Taja jina la tukio."

"Jina lake silijui, mkubwa. Mimi ni mpaka rangi. Nipo chini ya daraja, kwenye ubao. Meli imekata kamba moja, nimening'inia kwa hii iliyobaki."

Sinia likanizidi uzito. Sauti ile ndiyo iliyonilea. Alikuwa mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Mtaani wanamwita Mabaka, kwa kuwa hana shati lisilo na rangi ya daraja, hata la harusini.

"Muda wa kupokea?" Mkurugenzi akauliza.

"Sekunde mbili, mzee."

"Andika: bora sana."

"Kamba inasagika kwenye chuma," mjomba akaendelea. "Lakini sitaha ya meli ipo hapa chini yangu, kimo cha mtu mmoja tu. Mabaharia wametandika magodoro. Wananiita. Nishuke?"

Mratibu akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kama ashuke."

Fomu Namba Tisa zikafunguliwa. Mchambuzi, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, akapitisha kidole. "Safu ya tano inataka muda ambao waokoaji walimfikia. Akishuka mwenyewe, tutaandika nini?"

"Tuache wazi."

"Fomu yenye pengo hairuhusiwi, mzee. Uliagiza wewe."

"Basi abaki alipo," akasema Mkurugenzi.

"Hayo hayatakuwa maelekezo? Kanuni ya Nne inakataza kutoa maelekezo kwenye simu ya ufuatiliaji."

"Kumwambia mtu abaki si maelekezo, kijana. Ni kutotoa maelekezo."

Mchambuzi akaliandika hilo pembeni, kwa heshima.

"Bwana," Mratibu akasema simuni, "baki katika hali yako ya sasa."

"Hali yangu ya sasa ni mbaya."

"Tumeiandika."

Kisha mjomba akauliza, "Nikishuka bila ruhusa, nitahesabiwa nimeacha kazi?"

Hapo nikamwelewa. Mwezi uliopita mwenzake alishuka kwenda haja bila kusaini daftari, akafukuzwa. Mjomba amelipaka daraja lile miaka kumi na minane. Akifika mwisho, mwanzo unakuwa umeshika kutu, naye anaanza upya. Ni kazi isiyoisha, na ndiyo inayotulisha.

"Ndivyo kanuni zinavyosema," Mratibu akajibu.

"Sawa, mkubwa. Mimi nasubiri. Hii kamba ndiyo sijui."

Wakati huo mlinzi akaleta habari kwamba waandishi wapo juu ya paa, ambako daraja linaonekana vizuri katika picha. Wajumbe wakaanza kuchana nywele.

"Na simu?" akauliza Mratibu.

Mkurugenzi akazungusha macho chumbani mpaka yakanifikia. "Atakaa huyu binti wa chai."

"Hana cheo, mzee."

"Ndiyo uzuri wake. Mwenye cheo anaweza kupitiwa akasema neno. Binti, utasikiliza na kuandika anachosema. Wewe husemi kitu. Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mwaka wa tatu huyu, sijawahi kumsikia sauti."

Ni kweli. Hata dukani humwonyesha muuzaji sukari kwa kidole.

Wakaondoka. Nikabaki na simu, vikombe sita na fomu. Niliiacha shule darasa la tano, kwa hiyo huandika polepole, kwa herufi kubwa. Nikaandika: KAMBA INALIA. Kwa maana niliisikia, kri, kri, na juu yake mjomba akivuma wimbo usio na maneno, ule anaovuma akipaka mlango wetu.

"Mkubwa, bado upo?" akauliza. "Maji yanaivuta meli. Sitaha inaniondokea. Godoro moja limeshapita."

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hawakusema aliye hapo pembamba anapaswa kusaini wapi.

Kwa mujibu wa kumbukumbu, saa nne na dakika kumi na saba neno moja lilitamkwa. Kwa lugha ya ofisi ndivyo tunavyosema: lilitamkwa. Mtamkaji hakujitambulisha. Lakini safu ya saba ya Fomu Namba Tisa, ile ya maelekezo, ambayo haikuwahi kujazwa tangu ofisi ianzishwe, ilikutwa imeandikwa: SHUKA.

Mjomba alishuka. Aliangukia godoro la mwisho, na ndoo yake ya rangi ikamwangukia mpishi wa meli. Kamba ilikatika ubao ukiwa mtupu. Watu waliojaa kingo zote mbili walishangilia mpaka shangwe ikafika kwenye paa letu.

"Nani amemwambia ashuke?" wakauliza waandishi.

Mkurugenzi alisikiliza zile shangwe kwanza. "Mimi," akasema. "Binafsi."

Gazeti likamchapa ukurasa wa mbele. Nishani ikaagizwa. Siku ya tatu Mchambuzi, ambaye husoma kila kitu, akasoma gazeti, kisha akasoma Kanuni ya Nne: atakayetoa maelekezo kwenye simu ya ufuatiliaji atapoteza cheo, hata awe nani. Maneno "hata awe nani" Mkurugenzi aliyaongeza mwenyewe, kwa kalamu.

Wajumbe wakaunda kamati, wakamweka kiti cha katikati. "Ulitoa maelekezo, au uliudanganya umma?"

Akaomba muda wa kufikiri.

"Baki katika hali yako ya sasa," Mratibu akamwambia, na Mchambuzi akatazama saa.

Akachagua maelekezo. Namba ya simu ikarudishwa kwa waokoaji, na yeye akahamishiwa darajani, idara ya rangi, akiwa mshika kamba. Humshikia mjomba wangu. Mjomba anasema anashika vizuri, ila kila nusu saa huuliza kama kuna mtu anaandika.

Kamati ilimhoji mjomba pia kuhusu ile sauti. Alisema palikuwa na upepo. Lakini jioni, nikimmiminia maji anawe rangi mikononi, alisema bila kunitazama, "Yule mkubwa wa simu, unajua, ana sauti kama ya marehemu mama yako."

Nikaendelea kumimina. Maji yalipoisha nikaingia ndani, na tangu siku ile hatujalizungumza.

Ni mimi, mjomba. Nilisema mara mbili, ya kwanza haikutoka.