Nahodha wa Masufuria

Jumanne, 4 Februari

Siku ya ishirini na sita tangu tutoke Maldivi. Nimechambua mchele, nimekaanga vitunguu, nimetupa unga ulioingia maji ya chumvi. Mimi ndiye mpishi wa yoti hii, ila Likoni hawalijui hilo. Huko mimi ni nahodha. Ami yangu alipokwenda kuniposea Asmaa kwa baba yake, Mzee Faki wa Timbwani, nilimtuma aseme hivyo. Nani humpa binti yake mkata vitunguu? Mzee alisema atajibu nikirudi. Kesho narudi. Erastus, baharia mwenzangu, ameniazima kofia nyeupe kwa mahamri kumi. Mwizi.

Jumatano, 5 Februari

Tumeingia Kilindini saa tatu asubuhi. Nilisimama mbele na kofia, mkono kiunoni, nikiwapungia watu wa feri. Kapteni Valarie, nahodha wa kweli, akauliza kama jua limenizidi. Nikasema naangalia mawe.

Kisha balaa. Ikapandishwa bendera ya manjano: hashuki mtu mpaka daktari wa bandari atukague. Anayeruhusiwa kwenda pwani na pasipoti zetu ni nahodha peke yake. Valarie akashuka. Punde Mzee Faki akapiga simu kutoka ufuoni. Anauliza mama huyu ni nani, na mbona nahodha hashuki.

Nikasema ni mpishi wangu, nimemtuma ndimu.

Alhamisi, 6 Februari

Jana Valarie alirudi na kikapu cha samaki aina ya changu na maagizo ya Mzee Faki: awapae vizuri, nahodha hapendi magamba. Nilipiga magoti. Alicheka mpaka akaketi juu ya kamba. Amesema hatanifichua, lakini nahodha haingii jikoni, kwa hiyo atapika yeye. Huyu uji tu humshinda! Tumepatana: nitapika kwa siri, yeye ataandaa, na mimi nitasugua sitaha mwezi mzima.

Daktari kaja, bendera imeshuka. Mzee Faki na Asmaa nimewaalika kesho baada ya swala.

Ijumaa, 7 Februari

Samaki wa kupaka na wali wa nazi. Wallahi sijapata kupika vile. Valarie kaleta sinia, kaitwa, kaitika abee. Erastus alimfundisha, kisha akatoka nje kucheka.

Mzee Faki alikunja mikono ya kanzu mara mbili na kula. Alipomaliza alikuwa na machozi. Akasema hoteli yake ya Timbwani imekosa mpishi tangu mkewe afariki, na ladha hii hajaionja tangu hapo. Akamwomba Valarie kazi ile aichukue; Valarie akakataa kwa adabu. Kisha akanigeukia kwa huruma. Mume wa binti yake mkubwa ni baharia, wamemwona mara ya mwisho Idi mbili zilizopita. Hatamwoza Asmaa kwa mtu wa bahari, hata awe nahodha. Lakini mpishi huyu angekuwa mwanamume, angempa jiko na binti wiki hii hii.

Asmaa akanitazama. Vidole vyangu vilinuka kitunguu saumu mpaka mlingotini. Nikafungua kinywa. Nikashukuru kwa niaba ya mpishi wangu.

Jumamosi, 8 Februari

Asmaa ameniletea ujumbe. Kama nina neno la kumwambia baba yake, niseme leo kabla ya adhuhuri, maana anakuja mpishi wa Kisauni kutafuta kazi. Kijana, hajaoa.

Nimepata njia. Nakwenda sasa hivi na kofia yangu, niivue mbele ya Mzee Faki na kumwambia nimeacha unahodha kwa ajili ya binti yake, na kwamba tangu jana mpishi wangu ananifundisha kupika. Valarie atakuja kushuhudia. Nimemwahidi kusugua sitaha mwezi mwingine mzima.

Erastus ameuliza kwa nini nisiseme tu kwamba mpishi ni mimi. Nimemwambia Mzee Faki ni mtu mzima, jambo kama hilo hawezi kuliamini.