Rimu Imegongwa kwa Ajili Yangu

Jamani, leo nimepata aibu ambayo hata kwa sabuni haitoki. Nimeoga, nimerudia kuoga, bado nanuka dagaa. Kaeni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa madereva wa malori, maana wale wakifika Iringa watakuwa wameshaitia chumvi.

Mnajua nafanya kazi kwenye kituo cha watu wenye ulemavu hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Mimi ndiye msimamizi wa usalama (natembea na filimbi shingoni ambayo sijawahi kuipuliza). Mimi pia ndiye niliyeleta wazo la rimu. Fundi jirani alitupa rimu kuukuu ya lori, tukaitundika kwenye nguzo chini ya mteremko wa viti mwendo. Utaratibu ni huu: mtu akianguka, au akinusurika, au akiona kitu kibovu, rimu inagongwa. Wote tunaacha kazi, mhusika anasimama na kusema kwa mdomo wake kilichotokea. Kumfokea ni marufuku. Tukishajua cha kutengeneza, tunarudi kazini.

Tangu tuitundike, hakuna aliyeigonga. Basi mimi kichwa kikavimba, nikaona hakuna kituo salama kama chetu.

Asubuhi wakaja wageni kutoka Ulaya (Ulaya ya huku huku Kilosa, msianze kuulizia zawadi). Mama mmoja mkulima na binti yake mkubwa, Sikudhani, ambaye miguu yake haina nguvu. Binti anatamani sana kukaa kwetu ajifunze kushona. Mama ndiye mgumu. Kituo alichokaa mwanzo walimwangusha, mkono ukavunjika, mama akaambiwa eti mtoto amelala vibaya. Kwa hiyo leo amekuja kutukagua, na akikataa, Sikudhani anarudi nyumbani kushinda ndani anafukuza kuku. Yule binti alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba nisiharibu.

Nikaharibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa hamuwaangushi watu?" Moja kwa moja, hata maji hajanywa!

"Mama, unaiona rimu ile? Haijawahi kugongwa hata siku moja."

Akaiangalia, akaniangalia. "Haijagongwa kwa sababu hawaanguki, au kwa sababu hawasemi?"

Ningejibu kwa utulivu, mambo yangeisha vizuri. Ila mimi na kiherehere tulizaliwa pamoja. Nikamwambia, "Ngoja nikuonyeshe."

Kiti mwendo kimoja kilikuwa pale juu, baraza inapokutana na mteremko. Nyuma ya gurudumu kuna jiwe. Jiwe! Mbele ya wageni! Nikalipiga teke likaishia majanini. Nikakaa kwenye kiti, uso kwa wageni, mgongo kwenye mteremko, nikavuta breki kwa madaha.

"Mama, breki ikishavutwa hivi, kiti hakiendi popote. Tazama, mikono juu!"

Nikanyoosha mikono. Kiti kikaenda.

Kinyumenyume, jamani! Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Na pale chini amekaa Mzee Chikoti, mwenzetu asiyeona, anasuka kikapu chake. Mimi nimelelewa, siwezi kumpita mzee kimya kimya. Sauti ikatoka: "Shikamoo mzeeee!"

"Marahaba! Mbona leo mbio, kuna msiba?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Mbele kidogo Mama Asha, mpishi wetu, alikuwa ameanika dagaa kwenye turubai. Gurudumu likanasa kwenye ukingo, kiti kikapinduka, nikaingia kwenye dagaa kichwa kichwa. Dagaa kwenye nywele. Dagaa ndani ya blauzi. Kuku wakaja mbio (walikuwa wanaisubiri siku hiyo). Ng'ambo ya uzio, madereva waliokuwa wanakunywa chai wakapiga makofi, na mmoja akauliza kwa sauti, "Dada, spea unayo?"

Zaidi ya goti kuchubuka, sikuumia. Nikainuka haraka, nikamnong'oneza Mama Asha, "Yaishe hapa hapa. Wageni hawajaona vizuri." (Walikuwa wameona kila kitu.)

NGAA!

Mzee Chikoti huyo! Ameshaipapasa rimu na ana chuma mkononi.

"Mzee, hapana!"

"Si wewe uliyetufundisha? Nimesikia mtu ameanguka, nagonga." NGAA!

Watu wakatoka jikoni, bwenini, chumba cha kushonea, wote. Nikasimama katikati, dagaa mmoja ananing'inia kwenye hereni, nikasema kwa mdomo wangu, "Nimeanguka. Niliondoa jiwe bila kuuliza kwa nini lipo. Breki sikuijaribu kwanza. Kosa ni langu."

Mama Asha akakohoa. "Hiyo breki haishiki siku nyingi, dada. Ndiyo maana tunaweka jiwe."

"Siku nyingi!" nikawaka. "Na kwa nini hamkusema?"

"Kwa sababu ya sauti yako hiyo."

Weee! Nilitamani nirudi kwenye dagaa.

Nikashusha sauti. "Haya," nikasema polepole, "leo sifoki. Kuna kingine?" Kumbe nimefungua bomba! Mama Asha mwenyewe akagonga: sakafu ya jiko inateleza, juzi almanusura amwagikiwe na uji wa moto. Dada wa bwenini akagonga: kuna kitanda mguu umelegea, wameufunga kwa kamba. Mlinzi akagonga, akasahau alichotaka kusema, akakaa. Ilivyokuwa inalia ile rimu, madereva wawili wakadhani chakula kimeiva, wakaingia kuulizia wali.

Nikamgeukia mama nikijua Sikudhani nimeshamkosesha nafasi. Sitanii, machozi yalikuwa karibu. Mama kashika kiuno.

"Kule walimvunja mwanangu mkono, wakanitazama usoni, wakasema amelala vibaya," akasema. "Wewe umeanguka, umesema. Na hawa nao wamesema. Hiyo breki mnaitengeneza lini?"

"Leo hii, mama. Na jiko, na kitanda."

"Nitasubiri nione."

Akakaa kwenye benchi kweli, anamenya karanga. Fundi akaja, akabadilisha breki. Mama akainuka, akaivuta mwenyewe, akakisukuma kile kiti kwa nguvu zake zote za jembe. Hakikusogea. Akaenda jikoni kuikanyaga sakafu, ambayo tayari ilikuwa imesuguliwa na kutandikwa magunia. Akakitikisa na kitanda, akaridhika. Ndipo akamuuliza binti yake, "Unasemaje?"

Sikudhani alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga tangu nilipoanguka, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Nabaki, mama. Ila huyu dada asinisukume."

Basi, hiyo ndiyo taarifa yangu ya leo. Na utaratibu mnaujua: anayesema hafokewi. Kuanzia sasa hivi, wala hachekwi.