Saini Mia Mbili za Castory

Castory Mbena alikuwa kwenye chapati ya pili aliposikia shida za watu wengine, akaacha kutafuna ili asikie vizuri.

Meza ya jirani walikaa makarani watatu wa masjala, wanawake watu wazima, na chai yao ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na asubuhi hiyo orodha ilikuwa imebandikwa ubaoni. Watu kumi na wawili wa masjala walikuwemo. Kilichowauma zaidi ni kikao kilichoitunga. Fabian, katibu wa chama cha wafanyakazi, chama kilichowakata mishahara kila mwezi ili kiwatetee, alikaa kwenye kikao hicho, akala pilau iliyoandaliwa, akatia saini. Mpwa wake, aliyeajiriwa mwaka uliopita, hakuguswa. Zipora, mmoja wa hao watatu mezani, mwenye miaka kumi na tisa kazini, alikuwa namba tatu. Barua iliyoambatana na orodha iliwapa siku ishirini na moja za kupinga, lakini wakili wa kuwaandikia hawakuwa na uwezo wa kumlipa.

Castory aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayepita penye msiba. Moyoni alikuwa anaimba.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, mrefu, mwenye sauti ya mhubiri na koti la suti ambalo suruali yake ilibaki Singida katika mazingira asiyopenda kuyaeleza. Aliwahi kuwa karani wa mahakama, mpaka ilipogundulika kwamba baadhi ya hukumu zilikuwa zinatoka kabla hakimu hajazisoma.

Mchana huohuo alimtafuta Nikodemo. Huyu alikuwa ametumwa kutoka Dar es Salaam na chama kipya. Kwa miaka mingi chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu. Sasa sheria iliruhusu vingi, na hicho kipya kilitaka kuwawahi watumishi wa Dodoma kabla vingine havijazaliwa. Nikodemo alipewa pikipiki nyekundu, kiti chake bado kimevikwa nailoni, na agizo la kupata wanachama mia mbili. Baada ya miezi miwili alikuwa nao wanne, mmoja wao akiwa mwenye nyumba wake. Kila jioni aliiegesha pikipiki nje ya baa na kutangaza kwamba atakayemletea hao mia mbili ataondoka nayo.

"Nipe wiki tatu," Castory alimwambia.

Nikodemo alitaka kujua atawashawishi vipi. Castory alisema hana haja ya kumshawishi mtu. Watakuja wenyewe, watapanga foleni, na wakimaliza watamshukuru.

Alipata chumba nyuma ya fundi cherehani, mtaa wa Majengo, akaweka kibao: KITUO CHA MSAADA WA SHERIA KWA WATUMISHI WA UMMA WENYE MIGOGORO NA VYAMA VYAO. Chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, BURE. Mchoraji alishauri neno hilo lipunguzwe kidogo likae vizuri. Castory akamwambia apunguze lingine lolote. Ndani kulikuwa na vitabu vinne vizito vyenye majalada meusi. Kimoja kilikuwa cha sheria. Viwili vilihusu magonjwa ya ng'ombe, na cha nne kilikuwa hakifunguki.

Hila yenyewe ilikuwa nyepesi. Mteja alipewa fomu ya kuomba msaada wa sheria. Chini ya fomu kulikuwa na karatasi ya kaboni, na chini ya kaboni fomu nyingine, ya kujiunga na chama kipya, ambayo mistari ya jina na saini iliangukia palepale. Mtu alitia saini mara moja, akawa ameomba msaada na kupata chama. Aliyeuliza aliambiwa hiyo ni nakala ya faili, na Castory hakuwahi kukutana na mtumishi wa umma anayebishana na nakala ya faili.

Walikuja. Dereva mmoja wa Ihumwa alileta jogoo. Castory alimkataa jogoo yule kwa upole mkubwa, akieleza kwamba bure ni bure. Dereva alitokwa na machozi, na kesho yake akarudi na wenzake tisa. Kukataa ndiyo ilikuwa siri ya biashara, ingawa Castory alimwota jogoo yule siku mbili.

Barua ya kupinga orodha, ambayo watu wa masjala walimwomba, hakuiandika. Haikuwa sehemu ya mpango.

Siku ya kumi akaingia Zipora mwenyewe, mwanamke mfupi, mzaliwa wa Kibakwe, msema taratibu, miwani yake imeungwa kwa uzi. Castory alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Barua yetu imefika wapi?"

Castory alisema iko katika hatua nzuri. Zipora akauliza hatua gani. Castory akasema hatua ya maandalizi ya awali, ambayo watu wengi huidharau. Zipora aliitikia kwa kichwa, akachukua fomu moja, akaishika pembeni kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa dukani. Kisha akaomba kuziona zilizokwisha kujazwa.

"Hazina namba ya jalada," alisema. "Afisa yeyote atazirudisha."

Castory aliona aibu ya kweli. Karani mzima wa mahakama, kasahau namba ya jalada. Zipora akamwambia asihangaike. Yeye anazijua ofisi zote za mji huu na watu wake, atazungusha fomu upya. Castory alimtazama mama yule anayejitolea kuwakusanya wenzake, na nusura amhurumie. Akampa fomu zote, akamsindikiza hadi mlangoni.

Siku ya kumi na saba alirudi na mafurushi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya masjala, fomu za juu furushi lake, za chini furushi lake, kila moja na namba ya jalada. Watu mia mbili na kumi na wanne. Castory alipekua za chini: jina la chama kipya juu, saini chini. Palibaki nafasi ya shahidi, naye akasaini zote mpaka kiganja kikafa ganzi. Nikodemo alizihesabu mara mbili, akagonga kila moja mhuri wa IMEPOKELEWA NA KUKUBALIWA, akapeleka habari njema Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nailoni aliivua kwenye kiti kwa mkono wake, polepole, kama anayemfunua bi harusi.

Asubuhi iliyofuata Castory alikuwa anafunga begi lake nyuma ya pikipiki, akielekea Singida na maisha mapya, Zipora alipotokea na faili kwapani. Aliketi kwenye benchi la fundi cherehani.

"Unasafiri?"

Castory alisema anakwenda Kondoa, kijiji cha Busi, kuna walimu wanamhitaji.

"Kabla hujaenda, nisomee aya ya nne. Miwani hii imechoka."

Ilikuwa fomu ya kujiunga na chama kipya. Castory aliitunga mwenyewe na alikumbuka vizuri kwamba ilikuwa na aya tatu. Akasoma kwa sauti, na kila mstari sauti ikapungua.

"Najiunga kwa sharti kwamba chama, kupitia mtaalamu wake wa sheria Castory Mbena, kitanitetea bure katika mgogoro wowote na mwajiri au na chama chochote, kikiwemo hiki, mpaka mgogoro huo utakapokwisha. Chombo cha usafiri kitakachotolewa kwa kazi ya kuandikisha wanachama kitakuwa mali ya wanachama wa Dodoma."

Chini yake saini ya shahidi, yake. Kando yake mhuri wa Nikodemo, umekolea wino.

Zipora alieleza bila kupandisha sauti. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshika kaboni mara nyingi kuliko alivyoshika mwiko, na vidole vyake vilijua karatasi tatu zinapojifanya moja. Habari za pikipiki mji mzima ulikuwa nazo, kutoka pale baa. Aliichapa fomu upya, akakata stensili, akadurufu kwa mashine ya ofisi saa za chakula. Na kila aliyesaini alimweleza anasaini nini.

"Wote mia mbili na kumi na wanne?"

"Wote."

"Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia?"

"Hakuna."

Hilo lilimchoma Castory kuliko aya ya nne. Zipora akaongeza kwamba nakala moja iko kwa Bupe, Afisa Kazi, na kwamba pikipiki ikifika Singida itakuwa imeibwa kwa watu mia mbili na kumi na wanne, wakiwemo makarani wawili wa kituo cha polisi.

"Zimebaki siku tatu," alisema. "Karatasi hizi hapa. Andika."

Castory akaandika. Ukurasa wa kwanza aliuandika kwa woga. Kwenye wa pili Zipora alimsogezea nakala ya kumbukumbu za kikao, na hapo lilimpata jambo asilolitarajia: alikasirika. Fabian alikuwa ametia saini orodha siku mbili kabla ya kikao chenyewe. Mchezo huo Castory aliujua ndani na nje, na aliudhika kuona umechezwa ovyo namna ile.

Mbele ya Bupe, Fabian alikuja na wakili kutoka Dar es Salaam, mtu wa mkoba wa ngozi. Castory alikuwa na koti. Wakili alizungumza muda mrefu kuhusu taratibu. Ilipofika zamu yake Castory alimwuliza Fabian kuhusu tarehe tu. Fabian akasema ni kosa dogo la kalamu.

"Na pilau," Castory aliuliza, "ililiwa tarehe ipi?"

Bupe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaamuru orodha irudishwe ikatungwe upya kwenye kikao cha kweli. Watu wa masjala wakabaki kazini. Fabian akaomba likizo ya ugonjwa. Nje ya ofisi wanawake walimshangilia Castory kwa vigelegele, naye hakujua mikono aiweke wapi. Pikipiki ilikabidhiwa kwa yule dereva wa Ihumwa, awe anapeleka barua za wanachama. Castory hakupata hata kuipanda tena.

Jumatatu moja, baada ya mishahara ya mwezi kutoka, alitoka na begi, tiketi ya basi ikiwa mfukoni mwa shati. Foleni ilikuwa imefika kwenye cherehani. Mbele yake alisimama Zipora.

Makao makuu ya chama kipya yalikuwa yameisoma aya ya nne na kuikana. Ada, hata hivyo, yalikuwa yameshaanza kuikata kwenye mishahara. Wanachama walikuwa wanakishtaki chama chao.

"Nikodemo ni rafiki yangu," Castory alisema.

"Vizuri. Utajua pa kumpata."

Castory aliitazama saa yake. Zipora alimnyooshea barua ya kukanusha, naye akaipokea ili aisogeze pembeni tu. Jicho likaangukia kona ya juu. Akaisoma barua yote akiwa amesimama, akarudi juu, akasoma tena. Basi lilikuwa linaondoka saa tatu, na ilikuwa saa tatu kasorobo.

"Hii barua imeandikwa Jumapili," alisema, akiweka begi chini. "Nani alifungua ofisi Jumapili? Mama Zipora, niazime kalamu."