Kisima cha Injenyere Lukeba

Lukeba alikuwa amekaa kwa muuza chai, ufukweni mwa ziwa, Rumonge, akitafuta namna ya kuvuka kwenda Kigoma bila nauli, pale dereva mmoja wa lori alipoanza kusimulia. Kuna chama cha Wazungu wa kujitolea, alisema, kinazunguka vilimani kujenga visima. Kinaleta saruji na bomba, na hakitozi kitu.

"Bure?" Lukeba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Bure kabisa, ndugu yangu."

Roho ilimuuma. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu bendera ya uhuru ipandishwe, kila mtu anangoja kupewa kitu, na hawa Wazungu wanagawa maji bila mtu mwerevu hata mmoja kusimama katikati! Lukeba, mzaliwa wa Uvira mwenye Kifaransa cha kutosha kuwababaisha wasiokijua, aliona ni wajibu wake kurekebisha kasoro hiyo.

Kesho yake akaingia Kizuka, kijiji cha kilimani, akiwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka, kofia ngumu ya kuazima, na kijiti chenye panda, kile cha kutafutia maji. Akakitembeza juu ya majani, kikatetemeka kwa heshima zote.

"Amahoro!" akawasalimu watu waliokusanyika. "Mimi Injenyere Lukeba, wa chama cha maji. Maji iko chini ya miguu yenu. Naisikia inalia."

Wakamweleza shida yao. Wanawake walichota kijitoni, mahali palipokunywa ng'ombe, na masika yale watoto waliharisha mpaka wawili wakazikwa. Lukeba akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri sana, karibu aiamini yeye mwenyewe.

"Proje, huu mradi wetu, ni ya bure," akasema. "Ila wakubwa wa Bujumbura wanataka kuona roho yenu ya umoja. Madebe kumi na mawili ya mawese, basi."

Aliyejibu alikuwa Mama Mwanvua, mjane mkamuaji wa mawese, aliyekuwa msemaji wa kilima kwa sababu wanaume walishachoka kubishana naye.

"Mafuta iko, mwanangu. Lakini sisi watu wa hapa tuko na kichwa ngumu. Tunatoa tukishaona maji."

"Sawa, mama. Basi vijana waanze kuchimba."

"Vijana gani? Wote wako juu ya michikichi. Na si umesema chama chenu ni cha kujitolea? Jitolee basi. Jembe hii hapa."

Lukeba alipiga hesabu za haraka. Siku mbili za kukwaruza, matope kidogo, halafu atangaze kwamba maji iko karibu na adai mawese yake. Akachagua mahali penye udongo laini kuliko pote, pembeni ya matete, si kwa utaalamu bali kwa uvivu.

Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge. Siku ya pili akatangaza kama alivyopanga. Mama Mwanvua akainama, akachungulia shimoni.

"Karibu wapi? Mimi naona Injenyere tu."

Akamshushia bugali na ndagala, akamsifu mbele ya watu wote, na sifa zile zikamtia aibu ya kuacha. Akachimba. Siku ya nne, shimo likiwa limemfika shingoni, jembe lilipiga mawe, na maji baridi yakamrukia miguuni. Lukeba akapiga ukelele kama aliyeumwa na nyoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Naye, ukweli usemwe, alilia kidogo. Hakuwahi kusema uongo ukatimia.

Madebe yalipangwa mstari, mekundu hadi mdomoni, yamefunikwa majani ya mgomba. Watu wenyewe wakayabeba hadi ziwani wakiimba jina lake, na mvuvi mmoja akakubali kumfikisha Nyanza-Lac, njiani kwenda Kigoma, kwa ujira wa debe moja.

Huko alimkuta Abasi, mnunuzi wa mawese, mtu asiye na haraka. Abasi hakutazama juu ya debe. Alichukua msumari, akalitoboa chini. Ukaruka mchirizi mweupe, safi. Akaukinga kwa kiganja, akaonja.

"Maji nzuri," akasema. "Unauza bei gani?"

Yote kumi na mawili yalikuwa vilevile: mawese vidole viwili juu, chini kisima cha Kizuka. Mvuvi akajilipa kwa kofia na viatu.

Lukeba akarudi Kizuka kwa miguu, njia nzima akipanga matusi. Lakini alipofika, akakuta lori kando ya kisima, mabomba chini, Mzungu mwenye pua iliyoungua jua, na jandarme, askari wa serikali, amekaa juu ya mfuko wa saruji.

"Ni huyu hapa!" Mama Mwanvua akapaza sauti. "Mutu aliyechimba!"

Mzungu akamshika mkono kwa mikono miwili. Yeye na wenzake walifika hapa miezi mitatu iliyopita, akaeleza kwa Kiswahili cha kuhesabu maneno, wakasema: chimbeni kwanza, nasi tutaleta bomba. Wanaume wa kilima wakagombana shimo liwe upande wa nani, na hakuna aliyeinua jembe, mpaka mama huyu alipotuma habari kwamba maji yametoka.

"Na wewe umechimba peke yako? Bila malipo?"

Lukeba akamtazama Mama Mwanvua. Mama Mwanvua akamtazama jandarme, kwa upole.

"Bila malipo," akasema mama. "Alituambia ametumwa na chama chenu. Wengine hapa walidhani ni mwizi, wakataka tumupeleke kwa jandarme. Sema mwenyewe, mwanangu. Ni kweli ama si kweli?"

Jandarme akasimama, akajikung'uta saruji.

"Ni kweli," akasema Lukeba.

Mzungu nusura amkumbatie. Vilima vitano vimebaki, akasema, na kote shida ni hiyohiyo: hakuna wa kuanza.

Mama Mwanvua akamletea kikombe cha maji. Lukeba akayanywa yote. Yalikuwa matamu, hakuweza kubisha.

"Debe moja ya mawese ya kweli nakuwekea," mama akamnong'oneza. "Ukimaliza vilima tano."

Wiki ile ile, kwenye kilima kingine, Lukeba alikuwa ndani ya shimo jipya lililomfika kiunoni, anachimba na kulaani kwa lugha tatu. Juu yake wanawake walikuwa wanabishana ni nani ampelekee Injenyere chakula chake.