Ombi la Kwamba Chawa Waruhusiwe Kuruka

Kwako Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za mke wangu, ambaye ameniomba nisimtaje katika barua hii.

Mimi ni baba wa yule mtoto wa miaka mitano anayekaa mbele karibu na dirisha, ambaye nyumbani tunamwita Kasuku kwa sababu halimpiti neno bila kulirudia. Nafanya kazi ofisi ya maji, ghorofa ya tatu, nikiwa Msaidizi wa Mkurugenzi. Naandika kwa masikitiko kuhusu somo lililotolewa Jumanne ya wiki iliyopita na mwalimu wa darasa lake, yule ambaye watoto wanamwita Mwalimu Kitana. Somo lilihusu chawa wa kichwani. Mimi na chawa hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba watoto waliambiwa ukweli, tena wote kwa siku moja, na ukweli huo sasa unakaribia kuninyima cheo cha Meneja wa Utawala ambacho nimekisubiri miaka sita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu aliniingilia kazi. Kasuku alipoanza kujikuna, nilikaa naye kitandani, kichwa changu na chake pamoja, nikazungumza naye kama baba. Nilimweleza kwamba kile kinachomtembelea kichwani ni vumbi. Vumbi linalotembea. Nikamwambia pia kwamba ni siri ya familia. Maelezo hayo yalimtosha siku mbili nzima. Kisha Mwalimu Kitana akaingia darasani na mwanasesere mwenye nywele za uzi mweusi, akammwagia ufuta kichwani, akawaonyesha watoto chawa anakaa wapi, mayai yanashika wapi na kitana kinapita vipi. Akawaambia si aibu wala si kosa la mtu, na mwenye nao aseme mapema asaidiwe. Mwanangu alirudi nyumbani, akanitazama kwa huruma, akaniambia vumbi halina miguu.

2. Neno lenyewe. Mwalimu Mkuu, wewe ni mtu wa shule na huenda mambo ya mtaani hayakufikii, kwa hiyo niruhusu nikujulishe kwamba siku hizi neno chawa lina kazi mbili. Watu wasio na adabu humwita chawa mtu yeyote anayemganda mkubwa, akamsifia, akambebea mkoba na kucheka kabla utani haujaisha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananiita hivyo mbele ya mtoto. Kasuku alidhani ni cheo. Alikuwa akijivunia. Mlipowauliza watoto kazi za wazazi wao, mmoja alisema baba yake ni fundi bomba, mwingine mama yake ni muuguzi, na wangu akasimama wima akasema baba yake ni chawa wa Mkurugenzi. Nasikia alipigiwa makofi. Hadi hapo hapakuwa na madhara. Madhara yalikuja Jumanne, alipojifunza chawa anafanya nini. Jioni ile alikaa mbele yangu akanihesabu miguu.

3. Chakula cha mchana cha Jumamosi. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilimwalika Mkurugenzi nyumbani kwangu, maana mwisho wa mwezi anatangaza jina la Meneja. Mezani tulikuwa mimi, mke wangu, shemeji aliyejialika, mgeni wetu na Kasuku. Mkurugenzi akajikuna nyuma ya sikio. Akajikuna tena. Sisi watu wazima tukatazama sahani zetu, kama ambavyo ofisini tumekuwa tukitazama mafaili kwa siku kadhaa sasa. Kasuku akaweka kijiko chini, akamshika mkono yule bwana mkubwa ambaye hana hata mjukuu, akamwambia kwa sauti ya Mwalimu Kitana:

"Usiogope, babu. Una chawa, lakini si kosa lako."

Wote mezani wakanigeukia mimi.

Mkurugenzi alicheka kidogo, akamuuliza ni chawa yupi, maana yeye anao wengi. Mtoto akafikiri vizuri kabisa kabla ya kujibu, kama mlivyomfundisha, akasema ni wale wale tu, wote wananyonya. Shemeji aliomba maji. Mke wangu alikwenda jikoni, na muda mfupi baadaye nikasikia sufuria ikianguka, kisha kimya, kisha sauti ya mtu anayejifunika mdomo kwa aproni.

4. Suala la mabawa. Hata hapo mtu angeweza kujiokoa, kama si Mwalimu Kitana kuwafundisha kwamba chawa hana mabawa, wala hawezi kuruka, ila hutembea tu kutoka kichwa hadi kichwa vichwa vikigusana. Kasuku alichukua machungwa mawili akamwonyesha Mkurugenzi jinsi inavyokuwa. Kisha akamuuliza ni kichwa cha nani kinachogusana na chake. Mwalimu Mkuu, katika ofisi nzima ni mtu mmoja tu anayemnong'oneza Mkurugenzi sikioni, na kwa siku humnong'oneza mara kumi na moja. Mkurugenzi aliyatazama yale machungwa kwa muda mrefu. Hakugusa tena chakula.

5. Kikao cha Jumatatu. Mkurugenzi alijikuna. Mimi, ili asijione mpweke, nikajikuna. Mhasibu, asije akaonekana hana uzalendo, naye akajikuna, kisha mkuu wa stoo, kisha meza nzima, hadi ikawa haijulikani nani ana chawa na nani ana utii. Kikao kikaahirishwa. Kilipoanza tena nilikuta kiti changu kimesogezwa mwisho wa meza. Kutoka kule sikuweza kunong'ona, ikabidi niseme kwa sauti. Hivyo ndivyo watu kumi na mmoja walivyonisikia nikimwambia Mkurugenzi kwamba tai yake imekaa vizuri.

6. Mke wangu hajaacha kucheka. Hili halihitaji maelezo.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Kwanza, chawa waruhusiwe kuruka. Sisemi waruke mbali. Watoto waambiwe tu kwamba chawa anaweza kufika hadi ghorofa ya tatu dirisha likiwa wazi. Pili, neno lenyewe libadilishwe, na mimi napendekeza "mgeni wa nywele". Tatu, Mwalimu Kitana ahamishiwe somo la hesabu, na afundishe namba mwisho tano, watoto wasije wakafikia idadi ya miguu inayohusika. Nne, ile fomu mpya mliyotutumia, penye nafasi ya Kazi ya Baba, nitaijaza mwenyewe kwa wino, na mtoto asiulizwe tena.

Natumaini utalichukulia suala hili kwa uzito, kwa sababu mtoto akizoea kusema mbele za watu kitu kilichopo, sijui atakuja kuajiriwa wapi.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, mama anayewapikia watoto uji, na yule mwanasesere.

Wako katika malezi ya watoto wenye adabu,
Baba Kasuku,
Msaidizi wa Mkurugenzi (hadi sasa)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaandika jina langu Kasuku alipokuja kuniuliza kwa nini ninajikuna ninapoandika. Nikamwambia ni mawazo. Hakubishana. Alileta kigoda akakaa, akaniketisha sakafuni mbele ya magoti yake, akatandika kitambaa cheupe mabegani mwangu na kutoa kitana mlichowagawia. Wa kwanza alipoanguka nilitaka kusema ni vumbi. Akaniambia, "Tulia, baba. Wanatoka."

Nilitulia. Nakiri kwamba ni miaka mingi sijagusana kichwa na mtu bila kuwa na ninachokitaka kwake, na niliona haya, na nilifurahi. Walitoka wanne.

Baadaye nilimpigia simu Mkurugenzi nikamwambia kwamba ana chawa, kwamba wametoka kwangu, na kwamba ofisi nzima tulikuwa tunajua. Nadhani ni jambo la kwanza nililowahi kumwambia lisilohusu tai. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, iwapo huyo mwalimu anaweza kufika ofisini Jumatatu na mwanasesere wake. Cheo sikukiuliza.

Kwa hiyo naomba kufuta maombi yangu yote manne. Chawa wabaki wanatembea. Mwalimu Kitana aje na vitana kumi na viwili, na aanze na ile sehemu ya kwamba si kosa la mtu, maana sisi ni watu wazima na tutaogopa.

Fomu yenu bado iko hapa mezani. Penye Kazi ya Baba nimepaacha wazi. Kasuku anasema atapajaza yeye, wakishatoka wote.